Nilikuambia Bado, Mwanangu Uliyenizaa

Nyumbani, Mwala
Jumapili, saa tisa alasiri

Mwanangu,

Usicheke. Ama cheka, lakini usiache kusoma. Ni wewe uliyeanza haya mambo, siku uliponipa jina la mama yako. Wageni wakija hapa hushangaa: mwanamke mzima yuko jikoni anaita, "Mwaitu, niletee chumvi," halafu natokea mimi na mkebe wa chumvi, msichana wa kidato cha tatu mwenye magoti yaliyopauka. Inabidi uwaeleze. "Si nilimpa jina la mama yangu? Huyu ni Mueni. Sasa nimwite mama yangu kwa jina, nikose adabu?" Wanacheka, unacheka, mimi naangalia chini. Mwaitu. Mama yangu. Nimeitwa hivyo tangu kabla sijajua kutembea, na kuna siku, hasa jua likiwa kali na nyumba ikiwa kimya, huwa naamini ni kweli: kwamba nilikuzaa zamani, mahali fulani nisipopakumbuka, na wewe ukakua haraka ukanipita.

Kwa hivyo kesho ni mtoto wangu anayeondoka. Ana miaka thelathini na tisa na anaenda chuo kikuu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili husema barua ianze kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Alfajiri nilikusikia ukipiga chafya na vumbi la sanduku, na ukijiongelesha mwenyewe majina ya vitu: soksi, vyeti, mafuta ya kupaka. Sasa hivi uko saluni pale sokoni unasukwa, umesema utarudi jua likishuka. Mimi nimekaa mlangoni na daftari juu ya mapaja. Begi lako jekundu liko mbele yangu, zipu wazi, limeshiba. Kuku mmoja amekuja akalichungulia akaenda zake. Upepo unatoka upande wa mto na una harufu ya mchanga wa moto, na kila kitu hapa kinaonekana kama kimeshaanza kuwa kumbukumbu, hata mimi.

Nilijaribu kwanza kukuandikia kwa Kikamba. Lakini Kikamba nakijua mdomoni tu. Kukiandika ni kama kuvaa viatu vya mtu mwingine. Kizungu nacho, kila sentensi inatoka safi kama ya mtihani, na sentensi safi nimekuwa nikizitumia vibaya. Nimebaki na Kiswahili. Kuna jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo mwaka mzima. Ni kuhusu ile barua ya chuo ya mwaka jana, ile tulisema haikuja. Nitafika hapo. Unanijua, mimi huzunguka nyumba mara tatu kabla ya kubisha.

Mambo ya taulo na mswaki sitakufundisha. Hayo yote kitabu kilishakuambia, kile kitabu chako kidogo kisicho na jalada. Nimekitoa chini ya mto wako, nisamehe, kiko hapa pembeni yangu. Nimekisoma tena chote leo. Hakuna mtu anajua jina lake. Kiliandikiwa vijana waliokuwa wanaanza chuo kikuu mahali pa baridi sana, mwanzoni mwa karne iliyopita, na kikafika Mwala ndani ya sanduku la mwalimu wa misheni ambaye baba yake Susu, yule mama yako mwenye jina langu, alimpikia. Mwalimu akarudi kwao, kitabu kikabaki jikoni, na familia yetu ya wapishi imekitunza kama hati ya shamba. Kinasema mwanafunzi mpya aje na taa yake. Aje na mashuka yenye jina lake limeshonwa pembeni ili dobi asiyachanganye. Kinaeleza nyasi zipi hazikanyagwi, kofia inavuliwa mbele ya nani, kengele ya kanisani inalia saa ngapi, na kwamba vitabu vya masomo ununue kwa wale wa mwaka wa pili badala ya dukani. Na kwamba Jumapili alasiri, baada ya chakula, ni wakati wa kumwandikia mama.

Ulijifunza Kizungu kwa hicho kitabu. Ndiyo maana unaongea Kizungu kama mtu ambaye ana farasi nje.

Nimeona mashuka. Umeyashona pembeni kwa uzi mwekundu, KAMENE, herufi kubwakubwa, na ile N imepinda kidogo. Sijui kama huko kuna dobi. Nadhani hakuna. Lakini nilipopitisha kidole juu ya hiyo N nikajua sitaweza kukuacha uondoke kama sijakuambia.

Unakumbuka siku ulipopiga simu chuoni? Uliweka simu dirishani, pale pekee mtandao hukaa, ukabonyeza sauti ya juu, ukasimama wima kama unaimba wimbo wa taifa.

"Madam," ukasema, "ningependa kufahamishwa. Makaa nitabeba kutoka nyumbani, ama nitayapata huko?"

"Makaa?" yule mama akauliza.

"Ya chumbani. Ya kuota moto."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikiuma kitambaa.

"Mama, ukiwasha jiko hosteli tutakufukuza kabla hatujakusajili. Beba blanketi. Beba mbili."

"Na taa?"

"Taa ya nini? Kuna stima. Kwani unatoka wapi?"

"Mwala."

"Si hata Mwala kuna stima!"

"Iko," ukasema. "Lakini kitabu hakikusema."

Ukamweleza habari ya kitabu, yote, mpaka habari ya kofia. Yule mama akacheka hadi akakohoa. Akasema, "Mama Kamene, ukifika usipitie foleni. Kuja ofisini kwangu kwanza, nikuone kwa macho." Na ulipokata simu ukanigeukia, uso umeng'aa. "Mwaitu, makaa hapana. Blanketi mbili."

Mimi ningekuwa nimekufa kwa aibu. Ningekata simu neno la kwanza, na chuo chenyewe ningekihama kabla ya kufika. Wewe ulitoka hapo dirishani ukiwa tayari na mtu mmoja anayekungoja. Sijui unafanyaje. Labda aibu yote ya ukoo ilinirukia mimi ikakuacha wewe mwepesi.

Kwa hivyo nikuambie kuhusu maji. Usisahau kwamba mimi nilitoka nyumbani kabla yako. Muhula mmoja tu, lakini nilitoka.

Siku ya kwanza pale shule ya bweni walitutembeza. Hapa ni maktaba, hapa ni maabara, hapa ni maji ya kunywa. Nilikuwa nyuma kabisa ya mstari, mbele yangu msichana mrefu, na hapo penye maji ya kunywa sikuona ni wapi mkono ulipoelekezwa. Nikasema nitauliza jioni. Jioni nikasema nitauliza kesho. Siku ya kwanza swali ni swali tu, mwanangu. Wiki ya tatu limekuwa siri. Nikawa nakunywa maji ya bafuni, kwa kiganja, nikisubiri wengine watoke. Tumbo likaniuma mpaka nikapelekwa kwa nesi, nikamwambia ni maharagwe. Mwezi wa pili msichana wa kitanda cha chini, Faith, akaniuliza wakati wa kufua: "Kwani wewe hunywi maji? Sisi tulidhani ni mambo ya dini yenu." Nikamwambia ukweli, nikilia. Akaniangalia kama ng'ombe aliyeongea. "Si ungeuliza?" Bomba lilikuwa nyuma ya jikoni. Nilikuwa nalipita mara tatu kwa siku.

Ulipokuja kunichukua mwisho wa muhula, nikakuambia sirudi, uliniuliza mara moja tu. "Mwaitu, wamekukosea?" Nikasema hapana. Ukabeba godoro kichwani, tukaenda. Hukuwahi kuniuliza tena, na mimi nikakuacha uamini labda kuna mtu alinitesa. Hakuna. Kila mtu pale alikuwa mzuri. Nilishindwa na bomba.

Basi ukifika, uliza siku hiyohiyo. Uliza hata unachokijua. Hiyo ndiyo hekima yangu yote ya bweni, na ilinigharimu tumbo.

Kuna mahali kwenye kitabu umepiga mstari kwa penseli, zamani, penseli imekuwa ya kijivu kama moshi. Ni pale panaposema kwamba mgeni akiingia ukumbini jioni ya kwanza ataona kana kwamba wengine wote wanajuana, na kwamba kila mmoja wao anaona hivyohivyo. Nilisoma hapo leo mara tatu. Ulikuwa na umri gani ulipopiga huo mstari? Nakuwazia ukiwa mdogo kunishinda, umekaa hapa hapa mlangoni, unasoma kuhusu ukumbi wenye mishumaa na theluji nje, na mbuzi wanalia, na wewe uko ndani ya ule ukumbi kabisa, unatafuta pa kukaa. Nataka kukushika mkono nikukalishe.

Na nikuombe jambo moja kama mzazi. Huko watoto wa miaka kumi na minane watakuita mathe, kama mama zao wa nyumbani. Watakuja kuomba chumvi, watakuja kuuliza mboga inaivishwaje, na najua mikono yako itaanza kuwasha. Usiwapikie. Umepikia shule nzima miaka yote hii, umekoroga sufuria zinazoweza kumwogesha ndama. Ukisikia ugali wa mtu unaungua kwenye chumba cha pili, kaa chini. Soma. Waache wale ulioungua, hawatakufa. Huko unaenda kuwa mtoto.

Nilitaka niandike pia kuhusu udongo, kwa sababu ndio uliokuita ukausomee. Unakumbuka uliponifundisha kuchota maji mtoni? Nilikuwa sijafika hata miaka sita. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, unaenda mpaka macho yanapochoka. Nilikuambia hakuna maji. Ukapiga magoti ukachimba kwa bakuli, shimo likawa na kina cha mkono wangu, chini yake mchanga ukawa mweusi, halafu ukatoka jasho, halafu kukawa na jicho la maji linatuangalia. Nilitaka kuchota hapo hapo. Ukanishika kiwiko. "Polepole, Mwaitu. Ukiyaharakisha yanakuja na matope." Tukakaa kando ya shimo tukingoja. Ukaniambia huko chini kuna mto mwingine unaotembea gizani, na kwamba hakuna aliyewahi kukueleza vizuri kwa nini mchanga huu unayashika maji na ule wa kwa jirani unayaacha. Ulisema kama mtu anayemwongelea ndugu aliyepotea. Mimi nilikuwa naangalia uso wako ndani ya shimo, unatikisika.

Sasa nimezunguka nyumba mara tatu.

Mwaka jana, likizo ya Aprili. Ulikuwa umeomba chuo kwa anwani ya barua pepe niliyokufungulia mimi, kwa sababu ulisema mimi ndiye niko na macho ya hizi vitu. Tulijaza fomu pamoja kule kwa Kyalo, kwenye ile saiba yake ya intaneti yenye feni moja. Tulipofika mwisho, kidole changu kikiwa juu ya kitufe, uliniuliza kwa utani, "Mwaitu, niende?" Nikacheka. Sikujibu. Nikabonyeza.

Ilikuwa Ijumaa nilipoenda kuangalia. Ulikuwa umenituma sukari na ukasema, "Ukipita kwa Kyalo, chungulia." Nikachungulia. Barua ilikuwa hapo. Walikuwa wamekuita. Jina lako lote, Kamene na la ubatizo na la baba, na kozi yenyewe, udongo na maji, na tarehe ya kuripoti. Niliisoma nikasikia masikio yangu yamejaa kitu kama pamba. Kyalo alikuwa anakula karanga, akanitupia jicho.

"Niprinti?"

"Bado," nikamwambia.

"Bado nini? Si ni yenu?"

"Nitarudi."

Nikasahau sukari. Nilitembea nyumbani polepole, kando kando ya barabara, na nakumbuka niliona kila jiwe. Ulikuwa mtoni. Ulisimama pale chini kwenye mchanga, leso imefungwa kiunoni, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua, ukaita, "Mwaitu! Wamesemaje?"

Na neno likawa tayari liko mdomoni, kwa sababu nilikuwa nimeshalitumia mara moja. Nikasema, "Bado."

Nimejaribu kujiambia niliwaza mambo ya maana. Kwamba Baba yuko Lukenya kwenye machimbo, anakuja Jumamosi tu. Kwamba dada Ndunge amehamia Athi River na kazi ya kiwandani haimpi nafasi ya kuja. Kwamba mbuzi watabaki na nani. Uongo. Sikuwaza mbuzi. Niliwaza jioni, nikitoka shule, nikifungua mlango, na hakuna mtu ndani wa kuniita Mwaitu. Kwa sababu ni wewe peke yako unaniita hivyo, kwa wengine wote mimi ni yule msichana asiyeongea. Nikaona kwamba ukienda, nitabaki Mueni tu, na Mueni mimi simjui sana.

Ningekuambia kesho yake. Lakini ilikuwa ni lile bomba tena. Wiki ya kwanza ulikuwa uongo mdogo, ningeweza kusema nilikosea kusoma. Ijumaa ya pili uliniuliza, nikasema bado. Ya tatu, bado. Ukaacha kuuliza kwa mdomo, ukawa unauliza kwa nyusi, na mimi natikisa kichwa. Tarehe ikapita. Na jioni moja ulikuwa unakoroga uji ukasema, si kwangu, kwa sufuria: "Basi. Wameona miaka yangu wakasema, huyu ni wa kupika." Nikiwa hatua mbili kutoka kwako. Nilikuwa najua walichosema. Walisema wanafurahi. Nilikaza macho kwenye moto mpaka yakatoka machozi, ukaniambia nisogee, ni moshi.

Ndicho nilichokufanyia.

Halafu, kana kwamba haijatosha, ukaja ule mwezi wa kuvuna ndengu. Tulikuwa tunazipiga kwa fimbo pale uani, maganda yanaruka, na wewe ukaanza kunisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Kwamba ulipomaliza kidato cha nne uliitwa chuo cha ualimu. Susu alikuwa ameanza kuumwa. Ukaenda kitandani kwake ukamuuliza, "Mwaitu, niende?" Na yeye akakuambia, "Bado. Ngoja nipone kidogo." Ukangoja. Hakupona. Na aliyekuambia bado akawa hayuko tena kukuambia enda, na wewe ukabaki umesimama mlangoni miaka yote hiyo, kama mtu aliyetumwa akasahau alitumwa nini.

Ulisimulia bila uchungu. Ukatingisha ndengu kwenye ungo. Ukasema, "Sikumlaumu. Mgonjwa huogopa kuachwa." Mimi fimbo ilinianguka. Ukadhani ni jua, ukanipa maji.

Unaona? Yeye alikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa mzima, nimeshiba, nina macho ya hizi vitu. Mama yako amekuzuia mlangoni mara mbili kwa neno moja, na mara ya pili ndiyo hana la kujitetea.

Mwaka huu hukunituma. Januari ulienda mwenyewe kwa Kyalo, ukamwambia akufundishe, ukajaza, ukabonyeza. Sikujua hata. Ulipokuja na karatasi ya kuitwa hukushangilia, uliiweka mezani ukaweka chupa ya chai juu yake isipeperuke. Baba aliposoma akapiga makofi, akasema, "Mke wangu ni wa chuo!" akazunguka meza akicheza. Wewe ukasema tu, "Labda mwaka huu wamekosa watu." Na juzi ulipokuwa unakunja nguo ulisema tena, chini chini: "Wasije wakaona walikosea kuniita."

Kwa hivyo nisikilize, mwanangu, hata kama umekasirika. Hawakukosa watu. Hawakukosea. Walikutaka mara ya kwanza, kwa ombi lako la kwanza, kabla hujajua hata kufungua barua pepe. Walikuita mara mbili. Ukiingia ule ukumbi kesho kutwa na ukaona kana kwamba wengine wote wana haki ya kuwa pale na wewe umebahatisha, kumbuka kwamba kati ya wote wewe ndiye wamekungoja mwaka mzima. Aliyesema wewe ni wa kupika ni mimi peke yangu, na nilisema kwa kunyamaza.

Kuna kitu cha mwisho. Ile barua sikuifuta. Nilijaribu, kidole kikakataa. Iko hapo hapo, chini ya ile mpya. Mtu akiteremka kidogo tu anaifikia. Na wewe sasa unajua kuteremka. Kuna Jumamosi moja nilikukuta umekaa kwenye kile kigoda chako pale dirishani, simu mkononi, kidole kimesimama hewani. Ukainua uso ukaniangalia, muda mrefu, mpaka nikasahau nilikuwa nimekuja kuchukua nini. Halafu ukasema, "Mwaitu, chai iko," ukanimiminia wewe mwenyewe, na ukaniwekea sukari vijiko vitatu kama mtoto.

Nimeilalia ile siku kila usiku. Labda ulikuwa unaangalia hali ya hewa. Lakini kama uliiona, basi miezi yote hii umekuwa ukiniita Mwaitu huku unajua. Unajua, na bado unaniita. Nilidhani hilo neno lina maana moja tu, ile niliyokufanyia. Sikujua linaweza pia kugeuka namna hiyo, likawa upande wako.

Jua limeanza kuingia chini ya mparachichi, karibu utarudi na kichwa kinakuuma kwa kusukwa. Hii barua nitaikunja niiweke kwenye ukurasa wa Jumapili alasiri, na kitabu nitakirudisha chini ya mto wako. Utakifungua ukijilaza, najua, kama kila siku. Usinijie kitandani. Nitajifanya nimelala na hatutaweza sote wawili.

Kesho kukipambazuka nitakuwa nimeshatangulia mtoni na mtungi. Nitachimba polepole, yaje bila matope, uondoke na chupa moja ya maji ya nyumbani. Nitakuwa nimekupa mgongo, kwa sababu uso wangu sitauweza. Simama pale juu kwenye ukingo uniite. Ukiita Mueni, nitaitika vizuri tu, ni jina langu, na nitapanda kukusaidia kubeba begi, na sitauliza kitu. Lakini ukiita lile lingine, basi ongeza na lile swali. Ulilomuuliza Susu kitandani. Ulilonitania nalo kwa Kyalo nikacheka.

Nitasimama, nitageuka, na nitajibu kwa sauti, hata wale wa ng'ambo wanaonywesha mbuzi wasikie. Nimekuwa nikifanya mazoezi hapa mlangoni tangu uende saluni. Kuku wameshazoea. Ni neno moja, la herufi nne kama lile:

Enda.

Mama yako,
Mueni